Basi la Velaphi Cele

Velaphi Cele anapiga pasi shuka za hoteli hapa Durban, anaishi peke yake, na kwa miaka minane alikuwa dereva wetu wa basi. Basi lenyewe halina magurudumu. Ni sisi wakimbiaji wa mwisho mwisho, yeye mbele na kibendera, akitupimia mwendo wa mbio za kila mwaka, kilomita karibu tisini hadi Pietermaritzburg, kukimbia kidogo, kutembea kidogo. Tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ikifika saa kumi na moja na nusu jioni, mwamuzi anawapa mgongo wanaokuja, anapiga bunduki, lango la uwanja linafungwa. Ukichelewa hatua moja, medali huna.

Rafiki yake alikuwa Zakhele Ndlovu, fundi bomba. Walifanya mazoezi pamoja kila siku, wakiitana kwa majina ya ukoo, Velaphi Ndosi na Zakhele Gatsheni, na kutaniana njia nzima.

"Gatsheni, unakimbia kama umebeba friji!"

"Nimebeba kelele zako, Ndosi. Afadhali friji!"

Mwaka juzi Zakhele alikuwa na medali tisa. Ukifikisha kumi, namba ya kifuani inakuwa yako mpaka kufa, haivai mtu mwingine. Mkewe alishapigilia msumari ukutani wa kuitundika.

Bunduki ya kuanzia ilimkuta Velaphi amechuchumaa, anamfunga Zakhele kamba ya kiatu kwa sababu mgongo wa mwenzake ulikuwa umekaza. Nilimwona. Akasahau kuwasha saa, akaiwasha tulipofika mstari wa kuanzia, na sisi wa nyuma tunafika pale dakika saba baadaye. Muda unahesabiwa tangu bunduki, jamani, si tangu mguu wako! Saa zetu tulikuwa nazo, lakini ukipanda basi la Velaphi huangalii saa.

Tulikuwa tunaimba, tukijua tuna dakika mbili za akiba, tuliposikia bunduki tukiwa bado nje ya uwanja. Watu arobaini. Nililia, nikamtukana Velaphi matusi ambayo mama yangu hakunifundisha. Zakhele hakutukana. Alichukua kile kibendera mkononi mwa Velaphi, akakikunja, akamrudishia, akaondoka. Salamu zao zikaishia hapo.

Mwaka mzima Velaphi alikimbia peke yake. Akija klabuni akaketi, watu wanahamia benchi lingine. Nami nilihama, sijifanyi mwema.

Mwaka jana goti lilinigomea, nikapangwa kwenye meza ya kuwagawia wakimbiaji viazi, juu ya mlima wa mwisho, kilomita saba kabla ya uwanja. Zakhele akaja anachechemea, akaketi ukingoni mwa barabara. Saa yake ilikuwa imekwisha chaji tangu mchana. Nyuma yake akatokea Velaphi, hana kibendera, hana mtu.

"Gatsheni, inuka. Tuna dakika sitini na tano. Nitakuingiza."

"Kwa saa hiyo hiyo?"

"Safari hii nimeiwasha kwenye bunduki. Haki ya Mungu tena!"

"Dakika zako nazijua, Ndosi. Nenda zako."

Velaphi akanigeukia. "MaNgubane, mwambie basi. Una saa mkononi."

Nilikuwa nayo. Ilisema sitini na tano. Nikaikumbuka medali yangu, hasira ikanipanda upya, nikainama nikaendelea kuchovya viazi kwenye chumvi.

Velaphi alisimama pale dakika tatu nzima akimsubiri. Kisha akaenda. Aliingia uwanjani zimebaki dakika nne, hakuna aliyempigia makofi. Zakhele alipanda gari la wanaokata tamaa.

Sasa daktari amemkataza Zakhele kukimbia. Msumari bado uko ukutani, nimeuona kwa macho yangu. Velaphi bado anakimbia peke yake, na tukikutana ananiuliza, "MaNgubane, goti vipi?" Namjibu linapona, nageuka haraka nisimtazame usoni.

Wiki iliyopita Zakhele alinikaribisha chai. "Ningeinuka siku ile," akaniambia, "kama mtu mmoja tu angesema saa ya Ndosi iko sawa." Anadhani siku ile sikumsikia Velaphi akiniomba.