Siku Nilipotenga Godoro na Kitanda

Jamani, hili nawasimulia kwa kuwa mtaa mzima hapa Masasi tayari wanalijua, vinginevyo ningekufa nalo.

Nilikuwa najifunza Kihispania kwenye simu (nataka kuwaelewa watangazaji wa mpira, msinicheke), na Wahispania kila kitu, hata kijiko, wamekifanya cha kike au cha kiume. Kichwani hayakai. Basi mke wangu, Mama Zuhura, alipoenda sokoni, mimi mwalimu mzima nikasema ngoja nitenge vyombo, vya kike ukuta huu, vya kiume ule: meza, viti, kitanda na mashati yangu huku (shati ni la kike, msiniulize), sahani, visu, kioo na magauni yote ya mke wangu kule, pamoja na godoro, maana kitanda cha kike lakini godoro lake la kiume. Nikasimama upande wa kiume, kando ya magauni, nakariri nyakati za vitenzi kwa sauti, Kiswahili chake kwanza: "Nilipenda! Nilikuwa napenda! Ningependa!"

Nageuka, mlangoni mama mkwe, katoka Kitangari na mihogo kichwani.

"Shikamoo mama."

Marahaba sikuipata. Aliyatazama yale mafungu mawili, akatua mihogo, akakaa chini. "Mnagawana vyombo, Baba Zuhura? Na magauni ya mwanangu unachukua wewe?"

Nikamweleza habari za Kihispania, akauliza huyo Mhispania anakaa mtaa gani. Akampigia simu kaka yake, mjomba wa mke wangu, na kwa wakwe zangu Wamakonde mjomba akiitwa ujue ndoa iko barazani. Kafika na bodaboda, majirani nyuma yake, na Mama Zuhura naye ndiyo anaingia na kapu, anaona magauni yake juu ya godoro, machozi yanamlengalenga. Hapo niliogopa kweli, kwa sababu ujinga wangu ulikuwa unamliza mtu ninayempenda.

Nikawaonyesha simu, somo kwa somo. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

"Hizo za nilipenda, nilikuwa napenda, dada ameshaniambia. Na sasa hivi je?"

"Nampenda, mjomba."

"Walioko nje hawajasikia."

Nikapiga kelele, mimi mwalimu wa nidhamu, wanafunzi wangu wamejaa dirishani, mke wangu kajifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika kwa kucheka. Kisha nikalibeba godoro kulirudisha kitandani, mama mkwe akisimamia.

Kihispania sijaacha, ila vyombo vya watu sigusi tena, na kila asubuhi naanza na wakati uliopo, kwa sauti, mpaka Mama Zuhura aitikie kutoka jikoni.