Mkono wa Ngozi

Mama anauza viatu vya balo, yaani mitumba, kwenye soko la Baraka, kando ya ziwa. Siku moja alifungua balo, na katikati ya raba na sandali akakuta mkono wa ngozi. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi, vimefungwa pamoja kwa kamba za ngozi. Ndani yake kulikuwa na mpira mdogo mweupe, mgumu, ulioshonwa kwa uzi mwekundu. Mama alitafuta mkono wa pili mpaka chini ya balo, kwa sababu kitu kama hicho huuzwa kwa jozi. Haukuwepo.

Aliuweka mezani. Mtu mmoja wa Fizi, anayefuga nyuki kule vilimani, alisema ni wa kuvunia asali, kisha akaona matundu kati ya vidole, akaurudisha. Muuza makaa alisema ni wa kuondolea sufuria motoni. Mchungaji wa ng'ombe aliyeshuka kutoka milimani aliuvaa, akautazama kwa muda, akamuuliza mama, "Sasa mwenye hii anakulaka namna gani?" Hakuna aliyenunua. Mama akaniletea, kama anavyoniletea kila kitu kisichonunuliwa.

Mimi natengeneza redio na tochi mbele ya nyumba yetu. Nilimaliza shule ya msingi, nikaishia hapo. Chuma changu cha kuchomelea nakipasha kwenye makaa. Watu wanaweka kitu mezani, wanasema, "Imekufa," mimi naitikia kwa kichwa, wanaondoka. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu haitaki maneno mengi.

Nilianza na mpira. Nilikata uzi mwekundu kwa wembe, nikavua ngozi. Ndani mlikuwa na uzi wa sufu. Niliuvuta kutoka mlango wetu mpaka ua wa jirani na kurudi, na bado ulikuwa unatoka. Katikati kabisa mlikuwa na gololi ya mpira mweusi, na ndani ya gololi kitu chepesi kama gome, kama vielea vya nyavu.

Kaka yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alikuwa amekaa pembeni yangu, kama kila siku.

"Ulikuwa unatafuta nini mule?" aliuliza.

"Nilitaka kuona tu, yaya."

"Na uliona?"

"Uzi."

"Basi."

Niliusokota tena, nikashona ngozi. Mpira haukurudi kuwa wa duara sawasawa.

Kaka alikuwa mpiga kafi kwenye mtumbwi wa taa. Alivua ndagala, wale dagaa wanaofuata taa usiku, na timu ya kapiteni mmoja wa hapa Baraka. Siku moja, walipokuwa wakifunga mtumbwi upande wa rasi ya Ubwari, kamba ilizunguka kifundo cha mkono wake wa kulia, mtumbwi ukavutwa na wimbi. Kidonda kilipona. Vidole vilibaki vimenyooka. Muuguzi alisema mishipa inayovikunja imekatika. Tangu hapo kaka alikuwa akikaa pembeni yangu, mkono juu ya goti, akitazama kazi yangu bila kuitazama.

Mwezi unapowaka ziwani, ndagala hawaifuati taa, na wavuvi wanapumzika. Kapiteni alikuja kwetu wakati huo wa mwezi. Alisema nafasi ya kaka ameitunza vya kutosha. Giza likirudi na kaka hawezi kushika kafi, atamweka mtu mwingine. Alisema kwa heshima, akanywa maji, akaenda. Mama aliendelea kuchambua mchele.

Kesho yake kijana anayetia nyimbo kwenye simu alituonyesha video ya watu waliovaa mikono ya ngozi kama wetu. Alisema mchezo unaitwa besiboli. Tuliangalia watatu kwenye kioo kilichopasuka.

"Ule wa fimbo akisha kupiga, anakimbia," kijana alieleza.

"Anakimbia wapi?" kaka akauliza.

"Anazunguka, anarudi pale alitoka."

"Sasa angebakia tu."

Mimi nilikuwa naangalia mikono. Karibu wote walivaa ngozi mkono wa kushoto, wakarusha kwa wa kulia. Wetu ulikuwa wa kulia. Mtu aliyeuvaa zamani lazima alirusha kwa kushoto. Nikaona pia kwamba vidole vya ngozi vinajikunja kirahisi, kwa sababu mwenyewe amevikunja mara nyingi sana. Mkono huo ulikuwa umeshazoea kushika. Ulihitaji kuvutwa tu.

Nikachukua waya wa breki ya baiskeli. Niliupitisha kwenye vidole vya ngozi, pale penye kamba, kisha ndani ya mirija ya kalamu mpaka kwenye mkanda begani. Kaka akisukuma kiwiko mbele, vidole vinafunga. Ili asichoke, nilitengeneza kizuizi kwa meno ya saa ya ukutani. Waya ukivutwa unabaki umevutwa, mpaka ubonyeze kitufe kwa mkono wa kushoto. Tulijaribu na mpini wa jembe. Tulijaribu na kafi lenyewe. Kaka alisimama uani akapiga hewa, kushoto, kulia. Kuku walikimbia. Alipiga mpaka jasho likamtoka, na kafi halikuanguka.

"Inakamata," alisema.

Mama alisimama mlangoni akaangalia. Jioni hiyo alipika samaki mkubwa.

Timu ile ina desturi. Mtu mpya, au aliyekaa muda mrefu nje ya mtumbwi, hapokelewi hivihivi. Wanamtia kwenye mtumbwi mdogo, kapiteni nyuma yake, wanakwenda mahali ambapo maji yanafika kifuani. Kapiteni anaupindua. Ukitoka majini unainua mikono miwili, vidole wazi. Ndipo unaingia kwenye timu. Mimi nilikuwa nimeiona desturi hiyo tangu utoto. Sikuifikiria hata mara moja nilipokuwa nikikata meno ya saa.

Tulikwenda asubuhi. Vijana wa timu walikuwa wanaanika nyavu.

"Mukono ya tembo inafika," mmoja alisema.

"Usimusalimie na ile," mwingine akajibu. "Itakukamata, haitakuachilia."

Kaka alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu kamba ile. Aliingia mtumbwini, akapiga kafi vizuri, maji yakakatika pande zote mbili, na vijana wakaacha nyavu wakaangalia. Kisha kapiteni akaegemea upande mmoja, mtumbwi ukapinduka.

Kapiteni alitoka kwanza. Kaka alichelewa. Alipotoka, kafi lilitoka pamoja naye, limeshikwa. Aliinua mkono wa kushoto. Halafu akaushusha, akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye meno, na ngozi ilikuwa imevimba. Vijana walicheka, kisha wakaacha. Kapiteni alimshika bega, akamleta nchi kavu kafi likiburutwa.

Nilikata waya kwa koleo. Vidole vya ngozi vilifunguka polepole.

"Fundi," kapiteni aliniambia, "inakamata muzuri. Lakini mutu akianguka na kafi, anaachilia kafi. Huyu hawezi. Nitamwambia nini mama yenu?"

Nilisema naweza kutengeneza kizuizi kingine. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini alinisikia.

"Giza ni kesho," alisema.

Nafasi alipewa kijana mmoja aliyetoka Kilembwe, ambaye bado hajui kuogelea vizuri. Naye walimmwaga majini. Alitoka akikohoa, mikono wazi.

Mkono wa ngozi ulikauka juu ya paa ukawa mgumu kama gome. Mama aliupaka mafuta ya mawese. Mimi nilichora kizuizi kingine, chenye springi, kisicho na meno. Nilikitengeneza. Kinaachilia hata ndani ya ndoo ya maji yenye mchanga. Nilimwekea kaka mezani. Alikibonyeza, akasikia kinavyolia, akakirudisha kwenye kopo langu la skrubu.

"Toa waya zote," aliniambia. "Nipe hiyo ngozi tu."

Nikatoa. Akavaa. Akasimama mwisho wa uwanja wetu, mgongo kwenye ziwa, akainua mkono kama wale wa kwenye video.

"Rusha."

Nilirusha. Mpira ule hauendi moja kwa moja, kwa sababu si duara tena. Uligonga bega lake, ukaanguka. Aliuokota kwa mkono wa kushoto, akanirudishia. Sasa tunafanya hivyo jioni nyingi, saa mitumbwi ya taa inapotoka. Nyuma yake naiona ikipita, na kijana wa Kilembwe amekaa mahali pa kaka. Kaka hageuki. Mpira ukifika kwenye ngozi unatoa sauti fupi, na anautoa yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

"Rusha," anasema.