Siku Popo Alipomwacha Mkewe

Juzi tulikaa mbele ya televisheni ya kijiji, wazee vitini, watoto chini, tukatazama mchezo wa zama za siasa. Mnazijua zama zile, kabla ya uhuru, vyama vimeshika moto na kisiwa kizima kimepasuka kama nazi. Katika mchezo alikuwamo bwana mmoja asiye na chama. Basi wamemfanyaje? Wamempa mwavuli, wamempa kikohozi, wamemtetemesha mikono. Kila akiulizwa jambo anajibu, "Na hilo nalo ni kweli." Mwisho mkewe akamkimbia. Watu wakacheka mpaka wakapaliwa.

Mie nikapiga kelele, "Uwongo! Mke hakukimbia!"

Jirani yangu akanigeukia. "Yakhe, huyo yumo kwenye kioo. Wewe yanakuhusu nini?"

Yananihusu. Mtu yule ni mimi, na mchezo kama ule nimeucheza mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu, kijijini kwetu karibu na Wambaa. Shule sikusoma sana, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Na waliofanya ubaya nitawataja. Majina yao nayaacha kwa kuwa wana wajukuu wanaojua kuamkia, lakini wenyewe wakisoma watajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa katibu wa tawi la chama chao. Wa pili pia ni shemeji huyo huyo, maana alifanya ubaya wa watu wawili.

Kazi yangu ilikuwa kinyozi. Mama yangu na ndugu zake walikuwa chama hiki, wakwe zangu chama kile. Mimi nilikaa katikati na wembe wangu. Kichwa ukishakipaka sabuni hakina chama. Lakini nenda kawaambie watu wa siku zile! Walifika kutozikana. Mtu alikuwa radhi kukaa gizani kuliko kununua kiberiti duka la wenziwe. Gari za kwenda Chake zilikuwa mbili, na mtu aliona bora akatike miguu kuliko kupanda ile isiyo yake. Kuku akivuka ua alirudishwa na matusi yasiyomhusu.

Mie wakaniita Popo, si ndege, si mnyama. Nilikuwa nikicheka tu. Nikiwaambia, "Popo naye anaishi, tena anakula maembe ya watu wote." Hawa wa televisheni wanadhani kutokuwa na chama ni woga. Mwenye chama hutukanwa na upande mmoja. Asiye nacho hutukanwa na pande zote mbili, na asubuhi lazima afungue kazi awanyoe waliomtukana, tena kooni, na wembe mkali, na mkono usitetemeke. Vyama vyote vile vimekwisha kufa. Kinyozi nipo.

Shida yangu ilikuwa shemeji. Kila akija kunyoa, neno lake lilikuwa moja: "Chukua kadi yetu, ama umtoe dada yangu." Wala hakuwa anatania. Zama zile ndoa nyingi zilivunjwa kwa siasa, na mkwe wangu alikwisha kumwita binti yake arudi nyumbani. Mke wangu alimjibu baba yake kwa heshima zote: "Baba, mie mliniozesha mtu, hamkuniozesha kadi." Akarudi kwangu akafunga mlango. Lakini nilijua hawatachoka. Nilikuwa nikimtazama akisuka ukili wake wa mkeka barazani, najiuliza nitakuwa naye mpaka lini.

Siku moja shemeji akaja na uso wa asali. Tawi lao linatengeneza mchezo wa kuigiza, wa kuwacheka wasio na chama, na wamekosa mtu wa kuwa Popo. Hakuna mwanachama aliyekubali, maana kwetu ukicheza jambo siku moja, jina hilo utazikwa nalo.

"Shemeji," akasema, "wewe unalo jina tayari. Tuchezee, na habari ya kadi nitainyamazia."

Nikakubali upesi. Nilitaka amani nyumbani kwangu, na sifichi, kuchekesha watu nilikupenda.

Karatasi yake ya mchezo sikuweza kuisoma vizuri, mwandiko wake kama kuku kapita kwenye tope. Tukapatana: yeye atakaa nyuma ya pazia ananong'ona, mie nitasema ninachosikia. Mke wa Popo alikuwa mvuvi mmoja wa pweza, mwenye ndevu mpaka kifuani. Nilimwomba nimnyoe bure, akakataa. Akavaa buibui na ndevu zake. Mwisho wa mchezo Popo anamwacha mkewe kwa kuwa mke kachukua kadi. Mke huyo alipewa jina la kubuni, na mazoezini nilimwacha kwa jina hilo kila jioni, tukacheka, tukaenda zetu.

Siku yenyewe tulicheza baada ya alasiri, juu ya sakafu ya kuanikia karafuu, maana hapakuwa na msimu. Wanawake walikaa upande wao mikekani, mke wangu kati yao. Mbele kabisa, kitini, alikaa Shehe aliyetufundisha Kurani sote. Naye alikuwa chama chao. Wa chama cha pili hawakuhudhuria. Walikuwa wanapita njia tu, wakapita wamesimama mpaka mwisho.

Basi nilipendeza! Nilikula pilau ya huku nikaapa mie wa huku, nikala ya kule nikaapa mie wa kule. Watu walishika mbavu. Mie nami nikalewa kicheko, nikawa kasuku, pazia likinong'ona nasema. Likanong'ona, nikasema, tena kwa sauti kubwa: "Ewe fulani binti fulani, nimekuacha."

Hilo jina halikuwa la kubuni. Lilikuwa la mke wangu, na la baba yake.

Kicheko kikakatika. Shemeji akatoka nyuma ya pazia, karatasi mkononi. "Mmesikia! Mashahidi, mmesikia wote! Kamwacha dada yangu!"

Yule mvuvi wa pweza akauliza, "Kaachwa nani? Mie au yule?"

"Nyamaza wewe!" Shemeji akageukia mikekani. "Dada, inuka. Kachukue nguo zako twende kwa baba."

Mke wangu hakuinuka. Akasema, "Kaa chini, kaka, mchezo haujesha." Lakini nilimwona kashika ncha ya ukaya wake wa kichwani kwa mikono miwili. Nikasema, "Jamani, si tulikuwa tunacheza?"

Watu wote wakamtazama Shehe. Akainuka taratibu.

"Juu ya mwenye kuigiza, wanazuoni wana maneno yao," akasema, "lakini mie nachukua tahadhari. Kuna mambo matatu, mzaha wake ni kweli na kweli yake ni kweli. Moja ni ndoa. La pili ni talaka."

"Yatosha, Shehe!" shemeji akadakia. "Imekwisha!"

"Haijatosha. Nimesema matatu. Nilikufundisha kuhesabu, ama ulikuwa umelala? La tatu ni kumrejea mke uliyemwacha." Akanigeukia mimi. "Ewe Popo, una neno jingine katika mchezo huu?"

"Sijui, Shehe. Mwenye maneno katoka nyuma ya pazia."

"Basi sema yako."

Nikataja jina la mke wangu na la baba yake, sauti ikaniponyoka mpaka wa njiani wakasikia: "Nimekurejea!"

Vigelegele, mikekani! Hata wake wa viongozi wa tawi walipiga. Shemeji anarukaruka, "Hilo halimo mchezoni! Hilo halimo!" Mvuvi wa pweza kavua buibui, anamshika Shehe mkono: "Na mie je, nikae eda?" Chama kile hakikucheza mchezo ule tena, maana kila walipoutangaza watu waliuliza kama na kurejea kutakuwapo.

Mke wangu tulirudi naye nyumbani, na mpaka leo yupo ndani, anachambua mchele. Tumezaa, tumezika, tumegombana kama watu wote. Lakini Shehe alisema ile talaka imehesabiwa, moja katika tatu. Kwa hiyo nikipandisha sauti, mke wangu hanijibu kwa hasira. Hupepeta mchele wake akaniambia, "Taratibu, mume wangu. Umebakiwa na mbili. Ile ya kwanza alikutumilia kaka yangu."

Hizo mbili sijazigusa, na sitazigusa. Lakini ile moja ilikuwa yangu, na katibu yule, anayekaa Gando sasa na kuswali safu ya mbele, hajaniomba radhi.