Filimbi ya Koko Kwenye Harusi ya Shangazi

Juzi nilisikia filimbi ya polisi barabarani, na miguu yangu ikagoma hapo hapo. Nikasimama wima na mfuko wangu wa nyanya, katikati ya watu wanaopita na shughuli zao. Kumbe ni polisi tu alikuwa anamfokea mtu wa pikipiki. Msinicheke. Nimelelewa na mtu wa filimbi.

Babu yangu mzaa baba, ambaye kama watoto wengi wa kwetu Uvira nilimwita Koko, alikuwa polisi wa barabarani hadi alipostaafu, na alikuwa mwimbaji tangu, kwa maneno yake, tumboni mwa mama yake. Sare aliirudisha. Filimbi hakuirudisha. Alisema ilipotea kazini, na kweli ilikuwa imepotelea mfukoni mwake. Kila asubuhi alipaka viatu rangi kama mtu anayengojewa na wakubwa, akatoka uani pale mtaani kwetu Kilibula, akawaimbia kuku wetu kwa sauti nene, na majirani wakajua kumekucha, watake wasitake.

Nyimbo alitunga mwenyewe, na hakuna harusi ya mtaani aliyokosa kualikwa. Shida ilikuwa moja. Katikati ya wimbo alichomoa filimbi na kupuliza, priii! Sasa kama hamjui, niwaambie: kwetu bendera ikipandishwa asubuhi au kushushwa jioni, polisi hupiga filimbi, na kila aliye karibu husimama kama alivyo, mwenye beseni la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani, mwenye baiskeli, hata mwenye haraka ya choo. Basi na wageni wa harusi wakaganda. Koko akawatazama kwa uzito, bibi akamsogelea na kumnyoosha kola ya shati, kisha wimbo ukaendelea.

Watu walipenda. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Shuleni wasichana wenzangu walisimama wima na kunipigia saluti kila nilipopita. Waliniita Bendera. Nilikuwa na miaka kumi, na jina hilo liliniuma kuliko sindano ya malaria.

Kisha shangazi Neema, kitinda mimba wa Koko, akaposwa na watu wa Kamanyola. Koko akatunga wimbo wa beti saba, kila ubeti na nasaha yake, kuanzia chumvi ya mboga hadi namna ya kumnyamazia mume mwenye kelele. Mwezi mzima hakusema lingine.

"Minye nitaimba zote saba," alimwambia bibi. "Huyu iko mutoto wangu wa mwisho. Wakwe zake wanisikie mpaka mwisho."

"Utaimba, Baba Neema," bibi alimjibu. "Minye niko karibu."

Nami nikawaza wale wasichana watakaokuja kuchungulia, nikakata shauri. Asubuhi ya harusi niliitoa filimbi kwenye koti lake nikaizika ndani ya mfuko wa unga wa muhogo.

Sherehe ilikuwa uani kwetu, chini ya turubai. Wakwe walikaa mbele na tai zao, sahani mapajani, samaki wa mukeke wa kukaanga wakinukia mpaka kwa jirani. Koko akaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, safi kabisa! Baba mkwe alikuwa anatikisa kiatu. Wa nne ukaisha. Koko akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Mkono ukaingia mfukoni. Ukatoka na leso. Ukaingia mfuko wa pili, ukatoka na kipande cha tangawizi. Shangazi akaacha kupepea uso wake. Kule nyuma mtu akaguna. Niliona furaha kwa muda wa kupepesa jicho, halafu nikaona jinsi kidevu cha Koko kilivyokuwa kinatetemeka, na furaha yote ikanitoka.

Ghafla akajinyoosha, akanguruma: "Bendera!"

Lo! Uwanja mzima ukasimama. Watu wa Kilibula kwanza, kisha wakwe, wakiwatazama wenyeji. Baba mkwe alisimama na mukeke mashavu yote mawili, hatafuni, hamezi. Mchuzi wa mama mmoja ulikuwa unadondoka kwenye kiatu cha jirani yake, na mwenye kiatu hakusogea. Bibi akatoka jikoni na mwiko wake, pole pole, akamnyoosha Koko kola kana kwamba kola ile ilikuwa na vifungo ishirini. Koko akavuta pumzi, akaingia ubeti wa tano. Akamaliza wa saba. Shangazi alilia, na baba mkwe hatimaye akameza.

Jioni niliifukua filimbi nikairudisha kwenye koti. Kesho yake Koko akaipuliza, likatoka wingu la unga likamfunika bibi usoni. "Ee, weye! Ulikuwa wapi?" akaiuliza filimbi. Bibi hakuitazama filimbi, alinitazama mimi. Nilichekecha unga wa mfuko mzima siku ile. Wakwe nao walirudi Kamanyola wakiamini kwamba Uvira kila harusi ina bendera yake.

Miaka mingi nilidhani filimbi ile ni maringo ya polisi aliyezoea kutiiwa. Halafu Koko akaanza kuniita Neema, na bibi akawa anamsogelea kumnyoosha kola hata akiwa amevaa fulana isiyo na kola. Nikasogea siku moja, nikamsikia bibi akimnong'oneza maneno ya wimbo yaliyompotea. Nililia kwa aibu, nikikumbuka ule mfuko wa unga.

Lakini kinachonishinda hadi leo ni jambo jingine. Bendera hushushwa jioni. Siku ile ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Wale watu wazima wa Kilibula walijua ni saa ngapi, wote. Walisimama na sahani zao mikononi, wakamngojea.