Futi Tatu za Mama Chokaa

Hakuwa na mlango wa pili. Hakuwa na kipimajoto, wala ndoo yenye bomba, wala mahali pa kuwaketisha wasichana kumi na wawili bila mabega yao kugusana. Hakuwa na daftari la mahudhurio, kalamu za ziada za kusainia, choo chenye kitasa kinachofunga, wala mtu wa kumsaidia. Barua ya ofisi ya michezo iliyodai vitu hivyo ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa nne haukuchapika vizuri, kwa hiyo kulikuwa na vitu vingine ambavyo hakuwa navyo na hata hakuvijua.

Leo anavyo vyote. Kibali ndicho hana.

Ni saa moja kasoro robo asubuhi. Mtunza uwanja huyu, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye hata karani wa mishahara humwita Mama Chokaa kama watoto wanavyomwita, amepiga goti kwenye pembe ya uwanja wa mpira wa pete. Anapigilia kigingi, anavuta kamba, anafumba jicho moja. Kamba imekaa sawa. Anainua kopo lenye matundu chini, limejaa chokaa, na kuanza kutembea kinyumenyume huku akilitikisa polepole. Mstari mweupe unamfuata kama mwanambuzi.

"Ukienda kwa mbele unapinda," anasema bila kuinua kichwa.

Hakuna mchezaji wa kuukanyaga mstari huo. Kwa miezi kumi na minne, tangu maradhi yaingie na viwanja vifungwe, amekuwa akiuchora kila Jumanne kwa nusu mshahara. Mvua inafuta, naye anachora tena.

"Mume wangu aliniuliza, unamchorea nani? Nikamwambia, namchorea atakayekuja. Akasema, basi na mimi kesho nachomelea geti la nyumba ambayo haijajengwa."

Mume huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache ambayo yote huwa ya kuudhi. Hata hivyo, ni yeye aliyekata uzio wa nyuma kwa msumeno na kuutengeneza mlango wa pili kwa vyuma vya kitanda chao cha zamani. Barua ilitaka anayeingia asikutane na anayetoka. Alipomaliza kupaka rangi alimwambia mkewe, "Haya, mama watoto. Kitanda chetu kimekwenda kucheza mpira."

Viwanja vilifungwa siku ya Alhamisi. Jumamosi iliyofuata, timu ya wasichana wa chini ya miaka kumi na mitano ilikuwa icheze fainali yake ya kwanza tangu timu ianzishwe. Jezi zilikuwa zimeshapigwa pasi. Kocha, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alizikunja tena na kuzifungia kabatini, akidhani ni kwa wiki mbili.

Sasa chama cha mpira wa pete kimetoa kauli ya mwisho. Fainali ichezwe kabla ya mwezi huu kwisha, kwa wachezaji walewale walioandikishwa, la sivyo inafutwa. Mashindano mapya yataanza na watoto wengine. Kati ya wasichana kumi na wawili wa Mama Chokaa, tisa watakuwa wamepita umri, na hakuna timu ya wakubwa hapa ya kuwapokea.

"Tisa," anasema, akihesabu kwa vidole mpaka kinabaki kidole kimoja. "Huyu mfungaji wangu aliingia hapa hajui hata kushika mpira, anaukumbatia kama mtoto mchanga. Leo anafunga amefumba macho. Nimwambie nini? Kwamba kikwazo ni karatasi?"

Na kwa kweli kikwazo ni karatasi.

Miongoni mwa maswali ya fomu ya kuomba kibali, la kumi na moja liliuliza: umbali kati ya mchezaji na mchezaji ni kiasi gani? Mama Chokaa alipolifikia alitabasamu. Alianza kazi hapa kama mfagiaji, na miaka kumi na mmoja iliyopita aliokota kitabu cha sheria za mpira wa pete chini ya benchi. Alikisoma jioni baada ya jioni mpaka jalada likabanduka, akakishona kwa uzi wa viatu, akaendelea kukisoma. Waamuzi wakibishana huja kumuuliza yeye. Swali la kumi na moja lilikuwa kama limeandikwa kwa ajili yake.

Akajibu kwa mwandiko wake wa kusimama wima: "Mpira wa pete umeweka umbali ndani ya sheria zake. Mlinzi haruhusiwi kusimama chini ya futi tatu kutoka kwa mwenye mpira." Akapiga mstari chini ya futi tatu, kwa rula, ili mtu wa ofisini asipitiwe.

Hakupitiwa. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: "Ombi limekataliwa. Futi tatu ni pungufu ya mita moja na nusu."

Ng'ambo ya uzio, kwenye uwanja mkubwa, wavulana wa mpira wa miguu wameshamaliza wiki ya tatu ya mazoezi. Wanavutana jezi, wanapigana vikumbo, na likifungwa goli wanarundikana juu ya mfungaji kama magunia sokoni. Wana kibali kilichogongwa mhuri, kimetundikwa kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Kocha wao alipoulizwa swali lile la kumi na moja aliandika neno moja tu: "Unazingatiwa."

"Neno moja!" Mama Chokaa ameweka kopo chini. "Mimi nimepiga mstari kwa rula, yeye kaandika neno moja, tena mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu. Wanalaliana pale, unawaona? Wale ndio wanazingatia. Sisi ambao ukimgusa mwenzio tu filimbi inalia, sisi ndio hatari."

Kocha wa wasichana alimsihi afuate njia hiyohiyo. Siku jibu lilipokuja walisimama wawili hawa kwenye mlango wa stoo, barakoa zimeshushwa kidevuni kwa hasira.

"Mama, jaza fomu nyingine. Andika unazingatiwa, tumalize."

"Nitaandikaje unazingatiwa wakati haufiki mita moja na nusu?"

"Kwani wao wanafika?"

"Wao wataulizwa ya kwao. Mimi sitii saini uongo, mwalimu. Wewe unaweza kumfundisha mtoto mbili na mbili ni tano kwa sababu mkaguzi yuko haraka?"

"Mbili na mbili zinaweza kusubiri, mama. Fainali haisubiri."

Hawakusemeshana siku mbili. Siku ya tatu mwalimu alikuja na dawa ya kunawia mikono, dumu zima, akaiweka mlangoni na kuondoka bila neno. Huo ulikuwa msamaha, na ulipokelewa.

Barua ya pili ya Mama Chokaa ilikuwa na kurasa tatu. Alieleza kwamba futi tatu ni kiwango cha chini tu, kwamba mchezaji hakai na mpira zaidi ya sekunde tatu, kwamba uwanja uko wazi na upepo unapita pande zote. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Rejea barua yetu ya awali."

Aliirejea. Ilikuwa vilevile.

Ndipo ofisi ikamtuma Bwana Afya aje kukagua kwa macho. Alikuja kwa pikipiki, ameshika ubao wenye karatasi, kijana mpole ambaye huonekana kuomba radhi hata kabla hajakosea. Alinawa mikono, akapimwa joto, akaandikishwa kwenye daftari, akaingia kwa mlango wa mbele. Alitazama duara kumi na mbili za chokaa ambamo kila msichana huketi peke yake na chupa yake ya maji. Alipima kati ya duara na duara, akapima tena, akapiga picha.

"Mama, kusema kweli, viwanja vyote nilivyokagua, hiki ndicho bora," alisema.

"Ahsante, mwanangu. Basi gonga mhuri."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwenye faili imeandikwa futi tatu."

"Si umepima mwenyewe sasa hivi?"

"Nimepima mahali pa kukaa. Pa kukaa pako sawa kabisa. Pa kucheza ndipo penye futi tatu."

"Na wale?" Alinyoosha mkono ng'ambo ya uzio, ambako wakati huohuo mlinda mlango alikuwa amembeba mwenzake mgongoni.

Bwana Afya aligeuka, akatazama, akageuka tena upesi. "Wale kwenye faili hawana tatizo, mama."

"Kwa hiyo tatizo langu ni kwamba najua kusoma."

"Mama, mimi nakuelewa. Nimeona kwa macho yangu. Lakini macho yangu hayana sehemu kwenye fomu."

Mama Chokaa alikwenda stoo bila kuaga. Wasichana waliokuja kutazama ukaguzi walidhani amekwenda kulia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimpa mgeni kisogo. Alirudi na fimbo ndefu ya ufagio na msumeno. Akapima, akakata, akamkabidhi Bwana Afya kipande kilichobaki.

"Hiyo ni mita moja na nusu. Wewe si ndiye unaijua? Simama nayo hapo."

Kisha akamwita nahodha, msichana mrefu anayecheza ulinzi, akamwita na mfungaji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumi na minne wawili hao kukanyaga mistari ile. Nahodha alisimama mahali pake pa kawaida, mikono juu. Mama Chokaa akamgusa bega kwa kidole na kumrudisha nyuma, hatua moja, nusu nyingine, mpaka fimbo ikatosha kati yao.

"Mzuie hapo."

"Hapo sifiki, mama."

"Jaribu."

Mwenzao mmoja alimpasia mfungaji mpira kutoka nje ya mstari, mfungaji akarusha, akafunga. Akarusha tena, akafunga. Mara ya tano nahodha aliweka mikono kiunoni. "Mama, hii siyo kuzuia. Hii ni kumsindikiza."

Wenzake walicheka, hata Bwana Afya alicheka, akajikohoza ili isionekane. Lakini nahodha hakucheka. Mara ya sita hakumngoja mfungaji apate mpira. Aliutazama ukiwa bado mikononi mwa aliyekuwa akiutoa, akachomoka, akaudaka hewani.

Miaka kumi na mmoja Mama Chokaa amewaambia wasichana kwamba kitabu ni kitabu, na futi tatu ni futi tatu, si inchi moja zaidi wala pungufu. Amewahi kumrudisha mwamuzi katikati ya mchezo kwa ajili ya inchi. Sasa mbele yake mchezo ulikuwa unaenda, nje ya kitabu, na ulikuwa mchezo mzuri.

"Jioni ile sikula," anasema. "Ilikuwa kama nimeambiwa nibadilishe jina la mwanangu ili aingie shule. Mume wangu akaniuliza, wewe unataka kitabu kishinde au watoto wacheze? Siku zote anasema upuuzi, basi siku hiyo moja akaamua kuwa na akili. Nilikasirika kweli."

Asubuhi yake alimpigia simu mtunza uwanja wa timu pinzani, mwanamume ambaye wamewahi kutupiana maneno juu ya nyavu zilizopotea. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kumbe naye amekataliwa, kwa jibu lilelile, kwa futi zilezile. Naye pia alikuwa amepiga mstari chini.

"Kwa rula?" aliuliza Mama Chokaa.

"Kwa rula, dada."

Wakacheka mpaka muda wa maongezi ukaisha.

Makocha wa timu zote mbili walikubaliana: fainali ichezwe kwa mita moja na nusu, na anayekaribia zaidi apigiwe filimbi. Chama kikajibu siku hiyohiyo, jambo lililomtia wasiwasi Mama Chokaa kuliko kukataliwa, kwamba hakina pingamizi iwapo timu zote mbili zimekubali. Imebaki ofisi ya michezo peke yake.

Adhuhuri hii ameketi kwenye meza ya stoo, kati ya kamba na makopo, akimalizia barua ya tatu. Mumewe amesimama mlangoni, eti amekuja kulainisha bawaba. Barua ni ya ukurasa mmoja. Inasema umbali wa kucheza utakuwa mita moja na nusu, kwamba kiambatisho cha kwanza ni saini za makocha na manahodha wote, na kwamba mchezo umepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi. Kiambatisho cha pili ni majina ya wasichana kumi na wawili na tarehe zao za kuzaliwa.

"Soma mwisho," mumewe anamwambia.

Anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Iwapo jibu ni hapana, naomba liandikwe nakala kumi na mbili, kila moja kwa jina la mtoto, ili nimpe kila mmoja lake. Mimi nimechoka kuwasomea la jumla."

Mumewe anafikiri kidogo. "Kali."

"Nipunguze?"

"Usiguse hata nukta."

Anaikunja mara tatu, anaitia kwenye bahasha, anainua mfuniko hadi mdomoni.

"Usilambe!" mume anapiga kelele. "Watakataa kwa sababu ya mate!"

Anamtazama kwa macho ambayo mwamuzi yeyote angeyatolea adhabu. Kisha anachovya kidole kwenye glasi ya maji, anakipitisha ukingoni, anaifunga bahasha na kuikandamiza kwa kiganja, kwa muda mrefu kuliko gundi inavyohitaji.

Posta iko mtaa wa pili. Foleni imepangwa kwa alama za utepe sakafuni, nazo zimepinda, lakini leo hasemi kitu. Karani nyuma ya kioo anapima bahasha na kuuliza kama iende kawaida au kwa rejista.

"Rejista," anasema Mama Chokaa. "Anayeipokea atie saini."

Karani anagonga mhuri, anang'oa stakabadhi, anaitupa bahasha kwenye gunia la mchana.

"Inafika lini?"

"Kesho, mama."

Jumamosi ya mwisho iko siku kumi na moja mbele; jibu la kwanza lilichukua siku tisa.