Betri za Kupaka Ubao

Juzi hapa Kasongo, kwenye kibanda cha kuchaji simu, mama mmoja aliomba betri za simu zilizokufa. Alitaka kuzitwanga apate weusi wa kupaka ubao wa darasa, kama sisi zamani tulivyotwanga mapile, yale mabetri makavu ya toshi.

“Mama, hizi iko na sumu,” mwenye kibanda akamwambia.

“Jana nilitwanga zingine. Zikatoa moshi, nikazimwagia maji.”

“Na maji hayo yalikwenda wapi?”

Mama akanyoosha midomo kuelekea bondeni, kwenye chemchemi tunakoteka sisi wote.

Simu hizi, wanangu, waliotuuzia walituonyesha pa kubonyeza. Pa kuzitupa hawakutuonyesha. Nami asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kuwapikia wajukuu uji kwa maji ya pale.