Kompyuta Ilipobaki Kazini

Mama alipopooza upande wa kulia, nilikuwa karani katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini Tanga. Kazi yangu ilikuwa kunakili. Mawakala wa meli walituma orodha za makontena, nami nikaingiza namba, uzito na lakiri iliyofunga mlango wa kila kontena kwenye mfumo wa forodha, kisha nikaingiza mambo yaleyale upya kwenye mfumo wetu, maana mifumo hiyo miwili haikuwa inasomana. Nakili, bandika, hifadhi. Nikitoka pale jioni kiganja kimekufa ganzi.

Mama alikuwa Kigombe, kwa kaka yangu. Wifi yangu ndiye aliyemlisha na kumgeuza kitandani, wala sikuwahi kumsikia akinung'unika. Lakini siku moja alinipigia simu akisema kwa sauti ya chini, "Wifi, mama hataki nimwogeshe. Anaona haya. Anakutaka wewe."

Likizo nilikuwa nimeshaimaliza. Kuacha kazi nisingeweza, kwa sababu dawa za mama zilitoka humo humo. Nikarudi kwenye skrini nikaendelea kubandika namba huku machozi yananitoka.

Mwenzangu wa meza ya pili, mtu mzima wa Pemba aliyelowea Makorora, hapo hapo mjini, aliniona. Nilipomweleza, alivuta kiti akakaa karibu.

"Dada, kuna programu," alisema. "Unafanya kazi yako mara moja, yenyewe inatazama umebonyeza wapi, umeandika nini. Baadaye inarudia peke yake."

Mwanzoni ilitutia aibu. Dirisha moja lilisogea kidogo tu, basi programu ikamwaga namba za makontena ndani ya ujumbe niliouacha wazi, ikampelekea bosi. Tukaifundisha isubiri ukurasa ufunguke kwanza, na isimame kila namba zisipolingana. Mara ya kwanza kuona mshale unatembea wenyewe kwenye skrini, na mimi mikono nimeiweka mapajani, nywele zilinisimama.

Nikaenda kwa bosi. Alikuwa mama wa Kilutheri kutoka milima ya Usambara, mkali, asiyependa maneno mengi. Nilimweleza yote bila kuficha: kazi ya kutwa sasa inaisha kabla ya adhuhuri, naipitia mwenyewe, naomba niwe naondoka mchana.

"Namba moja ikikosewa, mzigo wa mtu unakwama," alisema. "Nani ataulizwa?"

"Mimi, mama."

"Basi nenda ukamwogeshe mama yako."

Ndivyo nilivyopata michana ile. Nilishika njia ya Pangani mpaka Kigombe, nikifika nachemsha maji, nafunga mlango. Mama alikuwa mwepesi kuliko nilivyomkumbuka. Nilimsugua mgongo, nikamsuka, nikamlisha uji kidogo kidogo kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwenda upande. Maneno yake yalitoka kwa shida, lakini akili ilikuwa timamu.

"Kazini umemwachia nani?" aliniuliza.

"Kompyuta, mama. Inakumbuka nilivyofanya, inafanya vilevile."

Akafikiri. "Na ikikumbuka vibaya?"

"Inasimama, inaningoja."

"Afadhali," akasema, akauinua kwa mkono wa kushoto ule wa kulia uliokufa, akanipa nimkate kucha.

Alifariki asubuhi, mimi nikiwa ofisini. Kaka alipiga simu, nikatoka nikaacha mshale ukitembea. Tulimzika kabla ya alasiri. Safari hii nilimwosha nikiwa na wifi na mwosha maiti, na sikuchemsha maji peke yangu.

Matanga yalipokwisha nikarudi kazini. Programu ikafanya kazi yote, mchana ukafika, na mimi sina pa kwenda. Nilikaa nikitazama skrini iliyotulia. Nadhani huo ndio mchana mrefu kuliko yote niliyowahi kuiona.

Kesho yake niliizima, nikaanza kuandika kwa mkono kama zamani.

"Imeharibika?" mwenzangu aliuliza.

"Haijaharibika, kaka. Niachie kidogo."

Bosi naye alipita, akasimama nyuma yangu. "Unajitesa kwa nini?"

"Sijitesi, mama. Nikikaa bure nasikia sauti ya kaka yangu kwenye simu."

Alirudi mezani kwake. Wala hakunikataza. Nikaendelea hivyo wiki kadhaa, kontena baada ya kontena, na kiganja kikauma na kufa ganzi tena, nikashukuru kuwa na kitu kinachouma ninachokijua. Kisha zikaingia meli zikifuatana, mizigo ikatuzidi, na asubuhi moja nikaiwasha programu bila kuifikiria sana. Ilipomaliza, nilitoka nje nikanunua chai, nikainywa yote.

Masika yaliyofuata bosi alinijia kwenye meza, mlango umefungwa, wenzangu wamekwenda kula. Alikuwa ameshika miwani mkononi. Akaniambia baba yake kule Lushoto hainuki tena, na kila mwisho wa wiki ripoti zinamzuia kupanda mlimani.

"Ile programu yako," alisema, "mtu kama mimi ataiweza?"

Nikasimama nikampa kiti changu, akakaa mbele ya kompyuta.

"Ataiweza, mama," nikamwambia. "Anza kufanya kama unavyofanya siku zote. Usiharakishe."